Banzi au hogo, tuangalie vidole kwanza

Msimu wa karafuu Pemba haupiti bila mtu kuanguka. Tawi la mkarafuu hukatika ghafla, na mchumaji hata hajainuliwa chini, watu wameshaanza kubishana: kwa fundi wa mifupa au hospitali?

Wanaomtetea fundi hawasemi upuuzi. Yuko karibu, hulipwa kidogo kidogo, na huzungumza na mgonjwa. Mfupa uliopasuka bila kuhama huunga wenyewe ukitulizwa, na banzi za mianzi zikifungwa vizuri huutuliza. Kuganga kwenyewe ni kutibu, na ni kuunga kilichovunjika pia.

Balaa liko kwenye kukaza. Mtoto akianguka mwembeni na kuvunjika juu kidogo ya kiwiko, mshipa mkubwa wa damu unapita hapo hapo mbele ya mfupa. Mkono unavimba, banzi hazitanuki. Damu ikikosa njia, nyama huanza kufa kwa saa chache tu.

Niliwahi kuitwa kwa jirani. Mjukuu wake amefungwa kwa vipande vya kanga, vidole vimevimba vinang'aa, vya baridi, na ukimnyoosha kimoja tu anapiga kelele. "Dawa inafanya kazi hiyo, mwanangu," bibi akaniambia. Niliminya ukucha. Ukawa mweupe, ukabaki mweupe. Kwa kawaida wekundu hurudi ndani ya sekunde 2. Tulikata kanga, tukamkimbiza hospitali ya Chake Chake. Mkono ulipona, ila kidole gumba hakikunjiki sawasawa mpaka leo.

Lakini hospitali nazo zisijitoe. Hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, likizungushwa mguu ungali unavimba hubana vilevile, na wangapi huambiwa "rudi baada ya wiki 6" bila kuelezwa habari ya vidole? Mwenye paja lililovunjika hulazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, shamba limelala. Akitoroka, mimi simshangai.

Hata hivyo, paja si la kubishaniwa: lita nzima ya damu huweza kumwagikia ndani usione tone. Wala mfupa uliotoboa ngozi, ambao unahitaji kusafishwa, antibayotiki na sindano ya pepopunda mapema. Mengine yaanzie kwenye picha ya eksirei. Ikionyesha mfupa haujahama na daktari akaridhia, sioni ubaya fundi akiendelea, alimradi asikande. Kukanda ndiko kunakouhamisha.

Kuwapiga mafundi marufuku ni kuwaficha tu. Ethiopia walifundishwa kwa kozi fupi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza kuwa wagonjwa waliokatwa viungo walipungua. Kwetu pia inawezekana. Fundi mmoja upande wa Wete siku hizi hafungi kabisa kiwiko cha mtoto. Hukitazama, huuning'iniza mkono kwa kanga shingoni, kisha huita bodaboda.