Podikasti ya Makarani wa Mizani

Mwaka jana shirika moja lenye ofisi hapa Mtwara mjini liliniomba nisikilize podikasti yake mpya na kutoa maoni. Dakika sita za mwanzo zilikuwa za muziki na za kumtambulisha mkurugenzi, ambaye naye alitumia nyingine nne kuwashukuru wafadhili, itifaki ikiwa imezingatiwa. Mada ilikuwa maendeleo ya mkulima. Baada ya miezi mitatu wahusika walilalamika kwamba wasikilizaji hawafiki mia moja. Kwa maoni yangu, mia moja ingewatosha kabisa, lau angekuwapo hata mmoja kati yao aliyehisi kwamba anasemeshwa yeye.

Anayetaka kuwatangazia wakazi wote wa Lindi na Mtwara kwamba minada ya korosho imefunguliwa aende redioni, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi redio inayoiweza. Podikasti inafaa pale ambapo jambo linahitaji kuzungumzwa kwa kina na watu wachache, ambao redio haiwezi kuwapa dakika ishirini bila wengine kuhama stesheni. Mfikirie karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huko Tandahimba au Newala. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mazao yake, akapewa stakabadhi, nayo yakauzwa mnadani, ulipoanza kutumika katika korosho mwaka 2007, mtu huyu amesimama kati ya mkulima na ghala: anapima, anakagua unyevu, anatenga korosho safi na zile za daraja la chini, anaandika stakabadhi, na malipo yakichelewa ndiye anayefuatwa nyumbani, ingawa fedha hazipiti mkononi mwake. Maswali yake ya kazi ni mahususi kiasi kwamba jirani yake atasinzia akiyasikia, lakini yeye atayasikiliza mara mbili, kisha atamtumia karani wa kijiji cha pili.

Ndivyo ilivyo pia kwa wapuliziaji wa mikorosho. Kituo cha utafiti cha Naliendele kina maarifa mengi kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho unaozuiwa kwa kupuliza salfa, na mpuliziaji mzoefu ana yake kuhusu upepo, umande na asubuhi ipi salfa itashika na ipi itapotea hewani. Wakutanishwe hao wawili kwa robo saa, mazungumzo yarekodiwe, na yasambazwe kabla mikorosho haijaanza kuchanua. Kipindi kizuri kikitoka Septemba, salfa ikiwa imekwisha kupulizwa, ni kazi bure.

Hapa ndipo mashirika mengi hukosea njia. Podikasti kwa asili yake ni faili la sauti linalomfikia aliyejiandikisha bila yeye kulitafuta, na wataalamu watakuelekeza kwenye programu za simu zinazofanya kazi hiyo. Karani wetu hana programu hizo, naye hutumia bando lake kwa hesabu. Ana kundi la WhatsApp la makarani wenzake, na hilo linatosha. Dakika 20 za mazungumzo zikihifadhiwa kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hazifiki megabaiti 10. Zikipunguzwa hadi kilobiti 32, sauti ya mtu bado inasikika vizuri na faili linabaki nusu yake. Asiye na simu janja aingiziwe kwenye memori kadi, dukani kulekule anakoingiziwa nyimbo. Ziwekwe pia kwenye intaneti, bila shaka, kwa ajili ya atakayezitafuta baadaye akiwa mbali.

Kuhusu mtangazaji, sioni haja ya kumtoa Dar es Salaam mtu mwenye sauti nzito asiyejua kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa magendo nje ya mfumo rasmi, ni nini. Aliyewahi kushika daftari la chama cha msingi atauliza swali la pili, lile linalofuata baada ya jibu la kiofisi, na hapo ndipo kipindi huanza.

Niliwaeleza wale wa shirika haya yote. Waliniuliza, wakifuata ushauri huo, wataandikaje kwenye ripoti kwamba wana wasikilizaji mia mbili tu. Niliwashauri waandike, kando ya idadi hiyo, wilaya ina makarani wangapi kwa jumla, kisha waorodheshe maswali waliyotumiwa kwa sauti baada ya kila kipindi. Hadi leo sijapata jibu.