Milioni Kumi kwa Gitaa Lililochubuliwa

Huku kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Kochi linakaa na nailoni yake mpaka mtoto aliyezaliwa wiki lilipoletwa anamaliza darasa la saba. Bodaboda ina miaka mitatu inakula vumbi la njia za mikorosho, tangi bado limevaa plastiki ya kiwandani, imekunjamana kama utando wa maziwa ya moto. Rimoti imo ndani ya mfuko, na mfuko umefungwa raba. Sasa katika Mtwara hii hii kuna vijana wa magitaa wamekaa kibarazani Chikongola, wameinamia simu moja, wanatazama gitaa la umeme lililobanduka rangi mpaka mbao inachungulia. Skrubu zina kutu. Mgongo umekwaruzwa kama umepitishwa kwenye seng'enge. Na wanaguna kwa mapenzi, "Aisee, cheki hiyo michubuko!" Bei yake inapita dola 4,000, yaani kama milioni kumi za madafu, na gitaa lenyewe ni jipya. Halijapigwa hata kipaimara.

Mweleze babu yako wa Newala uone.

"Shikamoo babu. Hili gitaa ni milioni kumi."

"Marahaba mjukuu wangu. Lilipata ajali?"

"Hapana babu, ni jipya. Limezeeshwa hukohuko kiwandani."

"Na ambalo halijazeeshwa?"

"Hilo mara nyingi bei iko chini kidogo."

Babu atatafuna kimya, ateme, kisha aseme, "Basi waulize na mimi wananichukua kwa ngapi."

Wakubwa wa mchezo huu ni Fender wa Marekani. Karakana yao maalumu, Custom Shop, ilifunguliwa 1987, na mwaka 1995 wakaanza kuuza magitaa yaliyotiwa uzee, wakayaita Relic. Uzee wenyewe una madaraja kama mabehewa ya treni. Kuna la NOS, lililo kama limesahaulika stoo ya duka tangu enzi hizo. Kuna Closet Classic, limekaa kabatini, rangi imefifia tu. Kuna Relic, limefanya kazi kweli. Juu yake kuna Heavy Relic, hilo utadhani limetoka Masasi limefungwa nyuma ya lori la korosho, siyo juu yake. Wapinzani wao Gibson nao wana karakana ya Murphy Lab, wanapanda kutoka Ultra Light mpaka Ultra Heavy, na kadiri kipigo kinavyozidi ndivyo bei inavyopaa. Wenye mifuko myembamba walikumbukwa 2009, Fender wakatoa Road Worn kutoka Meksiko.

Tusicheke sana lakini. Kuna vinyago vya mapiko, vile vya ngoma ya Wamakonde, vilivyochongwa juzi, vikafukizwa moshi na kupakwa kiwi, mgeni akauziwa kama urithi wa mababu. Kuzeesha kitu ili kipande bei tunakujua vizuri tu.

Uzee wa kweli upo, na una heshima yake. Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ayalandi, alikuwa na Stratocaster ya 1961, gitaa la Fender ambalo wengi huliita Strat, aliyoipata mjini Cork mwaka 1963. Jasho lake liliila rangi mpaka ikabaki mbao na visiwa vichache vya rangi. Hiyo ni miaka thelathini ya jukwaa, mwenyewe kafariki 1995. Baadaye Fender wakatoa nakala yake, kisiwa kwa kisiwa.

Haya, mwenye hela na hela yake. Kinachonikera ni kijana wa hapa anayechukua gitaa lake zima la laki nne, akashika msasa na mnyororo wa funguo, akaanza kulichanja chale bila kujua anachanja ngozi gani.

Magitaa ya Fender ya miaka ya 50 na mengi ya 60 yalipakwa nitroselulosi. Jina lisikutishe. Ni ukoo wa ile duko ya mafundi rangi wa magari, na Fender walikuwa wakichukua rangi za magari waziwazi: Fiesta Red yao ilitoka kwenye Ford Thunderbird ya 1956. Nitro hukauka kwa thina kuruka tu. Hubaki nyembamba, huendelea kusinyaa miaka na miaka, hugeuka manjano, na ikipigwa baridi ya ghafla hupasuka vijistari kama jaruba lililokauka. Kuelekea 1968 Fender wakahamia poliesta, kwa kifupi poli. Hii hukauka kwa hadina, na ikishashikana haiyeyuki wala haisinyai. Ni gamba nene kama la kikombe cha bati. Na kikombe cha bati kinavyobanduka unakijua: linaruka pande zima, ukingo mkali, doa chini. Gitaa la laki nne ni poli kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa hiyo ukiligonga na funguo hupati Rory Gallagher. Unapata kikombe cha chai cha msibani.

Kabla hujagusa msasa, pima. Fungua skrubu nne za shingo, lowesha pamba kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, gusa penye rangi ndani ya kishimo shingo inapokaa. Pakilainika na kunata, ni nitro. Pakibaki kama palivyokuwa, ni poli: rudisha shingo, tupa msasa, nenda kale.

Tuseme ni nitro. Wanaotaka nyufa hutoa shingo na vyuma vyote, wakaulaza mwili wa gitaa kwenye friza masaa kadhaa, kisha wakautoa ghafla kwenye joto. Rangi iwe imekauka wiki nyingi, la sivyo inavutika badala ya kupasuka. Kwenye hewa kavu kazi inaenda. Mtwara, mwezi wa pili? Ukilitoa friza linatoka jasho kama chupa ya soda. Maji yanaingia matundu ya skrubu, mbao inavimba, rangi inanyanyuka kuzunguka kila tundu. Na friza zenye nafasi ya kulaza gitaa mjini hapa ni za samaki. Utapanda jukwaani unanuka kolekole na nyufa hazijatosha.

Michubuko nayo ina ramani. Mkono wa kulia hulalia ukingo wa juu wa mwili, upande wa uzi mnene. Hapo ndipo rangi hutoka kwanza. Bizimu ya mkanda wa suruali hukwaruza katikati ya mgongo. Kidole gumba hung'arisha nyuma ya shingo, zaidi kwenye freti tano za mwanzo, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Basi. Jamaa wanapiga msasa pembe zote nne sawasawa kama wanaosawazisha kigoda, mpaka pembe ya chini kwa nyuma, mahali ambapo hakuna kiungo cha binadamu kinachofika. Halafu wanaacha mbao mpya imeng'aa kama muhogo uliomenywa. Mbao iliyoshikwa miaka huwa na uchafu: paka chai ya rangi iliyochemka sana, iache ikauke, pitisha kiwi ya kahawia kidogo kwa kitambaa, futa. Ukingo wa rangi ulainishe kwa msasa 1000 wenye maji kiduchu, mbali na matundu ya skrubu.

Vyuma ndiko kwenye maafa. Wengine husikia "asidi" wakakimbilia maji ya betri. Maji ya betri hayatoi mvuke wa kufubaza chuma. Ukitumbukiza chuma humo yanakitafuna tu. Kinachotumika ni mvuke wa asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae, kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, vyuma vimening'inizwa juu visiguse. Mvuke huo unachoma mapafu na unaotesha kutu kila chombo cha chuma kilicho jirani, pamoja na vya fundi wa karibu ambaye hukumwomba ruhusa. Siki hufanya kazi hiyo hiyo polepole: kidogo chini ya ndoo, vyuma juu, usiku mmoja au miwili, kisha suuza kwa maji yenye magadi na ukaushe. Nikeli hufifia vizuri. Krom hugoma. Vyuma vya bei rahisi ni zinki iliyovishwa krom: zinki inaota unga mweupe, krom inabanduka kama magamba ya changu, na ukikaza skrubu, daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi mwilini, linavunjika mkononi.

Pikapu usizipeleke huko hata kwa mzaha. Nasema pikapu za gitaa, zile sumaku za kunasia sauti ya nyuzi, siyo ya kubebea mihogo. Kwenye Strat ya mtindo wa zamani waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Sumaku ikiota kutu, kutu inaufikia waya, waya unakatika, sauti inakwenda kwa mwenyezi. Mpe fundi redio apime: pikapu ya Strat nzima husoma karibu kilo-omu 6. Mita isiposoma kitu, ni msiba. Hata stilwaya ya kusugulia sufuria iweke mbali, vumbi lake linarukia sumaku na halitoki. Funika pikapu kwa selotepu kwanza.

Na cha kuchekesha kuliko vyote, yote hayo bahari ya hapa inafanya bure, bila kutumwa. Upepo wa Shangani una chumvi. Nyuzi mpya, usipozifuta kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, wiki mbili zimeshakuwa nyeusi na hazilii tena. Vijiskrubu vya kunyanyulia nyuzi kwenye daraja vinaganda, mtu anachomeka ufunguo wa inchi 0.050 wa gitaa la Marekani kwenye vijiskrubu vinavyotaka milimita 1.5, tundu linalika, nyuzi zinabaki na urefu huo huo mpaka kiama. Tone la mafuta ya cherehani mara moja kwa mwezi lingetosha. Ukiwa na nitro, liegemeze kwenye kochi la reksini usiku mmoja: rangi inalainika na kunata, inabaki alama ya mshono wa kochi. Uzee wa bure, na saini ya kochi juu.

Kwa mtu wa pwani hii, chaguo halina utata, ila halina sifa kibarazani. Chukua poli, inazuia unyevu kuliko nitro. Daraja lisilo na tremolo, ule mkono wa kuyumbishia sauti, maana springi zake zinaota kutu na za kubadilisha zinatoka Dar. Shingo ya skrubu, siyo ya gundi. Freti za chuma kisichoshika kutu, ukizimudu. Mvua za Desemba zikianza shingo itacheza: bana uzi freti ya kwanza na ya mwisho, angalia pengo kwenye freti ya 8, liwe kama unene wa kadi ya mchango wa harusi, karibu milimita 0.25. Zungusha fito ya chuma iliyo ndani ya shingo robo duara tu kwa mara moja, usubiri. Uzi mnene usimame milimita 1.6 juu ya freti ya 17. Na msasa ukikuwasha sana mkononi, usugue nyuma ya shingo tu, 600 kisha 1000, mpaka mng'ao uishe. Kwenye jasho la huku gumba litateleza badala ya kunata. Huo ndio uzee pekee ninaoukubali.

Kuna na wale wa "tutengeneze letu la mpingo, si uko Kilwa hapo." Mpingo unazama majini, mwanangu. Mwili wake peke yake unaweza kupita kilo 5, wakati gitaa zima la kawaida lina kilo tatu na nusu. Utaimba umeinama. Ubao wa vidole, ule wa mbele ya shingo, sawa. Mwili, tafuta mninga mwepesi.

Lakini hawasikii. Anamaliza kulichubua la laki nne, anapiga picha kwenye mwanga wa jioni, anampelekea mteja Dar, "Relic hiyo bro, kazi ya mkono." Mteja anakuza picha, anaangalia kona zote nne.

"Kaka, mbona limechakaa hivi? Nakupa themanini, na nauli juu yako."