Shambulio la moyo wikiendi: tatizo ni siku au saa?

Wanaosema ukiugua moyo wikiendi umeumia hawasemi uongo. Huko New Jersey, Marekani, watafiti walichambua kumbukumbu za wagonjwa 231,164 waliolazwa kwa shambulio la moyo kati ya 1987 na 2002. Kwa miaka ya 1999 hadi 2002, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 12.9 ya waliolazwa wikiendi, na asilimia 12.0 ya waliolazwa siku za kazi. Hesabu ilipozingatia nani alizibuliwa mshipa wa moyo na nani hakuzibuliwa, tofauti hiyo karibu iishe. Kwa maneno mengine, kilichowaponza si Jumamosi bali huduma waliyoikosa Jumamosi.

Lakini utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2001, uliona wikiendi ikiongeza vifo kwa baadhi ya magonjwa ya dharura, shambulio la moyo likiwa halimo.

Turudi Dar es Salaam. Mzee wa Chanika anabanwa kifua Jumamosi saa tatu usiku, jasho linamtoka. Nyumbani wanasema ni gesi, anapewa maji ya tangawizi. Alfajiri anapelekwa zahanati, anaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo. Hakuna aliyempima ECG, kipimo cha umeme wa moyo kinachotakiwa kufanyika ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Akija kupewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Upanga, ni Jumapili mchana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake ni ndogo mno. Mgonjwa huyu angechelewa hata kama ingekuwa Jumanne.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai dawa ni kuongeza mabingwa wa zamu ya wikiendi tu. Timu ya kuzibua mishipa ina daktari bingwa, wauguzi na mtaalamu wa mionzi. Ukiwakesha Jumamosi, kliniki ya Jumatatu itapungukiwa watu. Hata hivyo, kuchelewa kwa mgonjwa kusiwe kisingizio cha hospitali, maana wapo wanaowahi wakakuta mashine ipo na msomaji wa kipimo hayupo. Hilo linaniuma kuliko yote.

Fedha zikiwa chache, ningeanzia chini: kila kituo cha afya kiwe na ECG usiku na mchana, daktari wa zamu aitume kwa simu kwa bingwa aliyeko nyumbani, na aspirini itolewe palepale.