Kabla ya kununua hema, badilisha gia

Wenye baiskeli za kukunja wakianza kupanga safari ya milimani, swali la kwanza huwa hema. La watu wangapi, la rangi gani, linahimili mvua kiasi gani. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa inapopotea. Hema lolote lisilozidi kilo 2 linafaa. Kinachomshusha mtu kwenye baiskeli na kumfanya asukume tangu kona ya tatu ni gia alizokuja nazo kutoka dukani, na kinachoweza kumtia hatarini wakati wa kurudi ni breki. Hema halimo katika hesabu hiyo.

Tuchukue barabara ya Mombo kwenda Lushoto, maana kwa Tanzania sijui kipimo kizuri kuliko hicho. Mombo iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, mabasi yanapita kutwa, na kutoka hapo ni lami ya kilomita 33 hivi kupitia mji mdogo wa Soni. Unaanzia kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na kufikia kama mita 1,400. Ukigawanya, wastani ni mita 3 za kupanda kwa kila mita 100. Wastani huo unadanganya. Mwanzoni barabara ni tulivu, kisha inaukumbatia mlima, kona juu ya kona, na kabla ya Soni hakuna pa kupumzisha miguu.

Sasa hesabu. Baiskeli nyingi za kukunja za gurudumu la inchi 20 zinatoka kiwandani na meno 52 mbele, na nyuma gia nyepesi kabisa ina meno 28. Gurudumu lenye mzigo linakwenda kama mita 1.54 kwa mzunguko. 52 gawa kwa 28, zidisha kwa 1.54: kila ukikanyaga mzunguko mmoja wa pedali, baiskeli inakwenda mita 2.86. Kwa mizunguko 60 kwa dakika hiyo ni zaidi ya kilomita 10 kwa saa, na hakuna mtu wa kawaida mwenye mzigo atakayepanda Soni kwa mwendo huo. Atakanyaga polepole na kwa nguvu, magoti yataanza kulalamika, kisha atashuka.

Weka meno 38 mbele na 34 nyuma. Mzunguko mmoja unakuwa mita 1.72, yaani kilomita 6 na kidogo kwa saa kwa mizunguko ileile 60. Huo ni mwendo unaoweza kuushika asubuhi nzima. Kushuka chini ya mita 1.5 sioni faida: ukienda chini ya kilomita 5 kwa saa, gurudumu dogo linaanza kuyumba, usukani unacheza, na unatumia nguvu nyingi kujinyoosha kuliko kupanda. Hapo shuka usukume. Wenye baiskeli kubwa za Phoenix husukuma milima hiyo na mikungu ya ndizi juu, wala hawaoni haya.

Kazi yenyewe si kubwa, ila angalia mambo matatu kabla ya kununua kitu. La kwanza, meno ya mbele yamefungwa kwa bolti au yamepigwa ribiti? Kama ni ribiti, unabadilisha krenki nzima, yaani mkono wa pedali pamoja na meno yake. Kama ni bolti 5 zilizopangwa kwenye mduara wa milimita 130, meno 38 ndiyo madogo kabisa yanayoingia. Ukitaka chini ya hapo unahitaji krenki ya mduara wa milimita 110. La pili, meno ya nyuma ni kaseti ya kuchomeka kwenye habu au friwili ya kusokota? Baiskeli za bei nafuu zina friwili, na friwili ya gia 7 yenye meno 14 hadi 34 haina gharama kubwa, ila nunua na kifaa chake cha kuifungulia; fundi wa mtaani akikosa kifaa ataitoa kwa nyundo na patasi. La tatu, kile kikono cha nyuma kinachohamisha mnyororo. Kilichotengenezwa kwa meno 28 mara nyingi hakiwezi 34, kinagusa meno na kukwaruza. Chukua chenye uwezo wa 34, lakini usichukue kirefu kupita kiasi, maana kwenye gurudumu dogo kinakaribia ardhi na jiwe moja linatosha kukipinda.

Mnyororo nao unabaki mrefu. Ukipunguza meno 14 mbele na kuongeza 6 nyuma, toa pingili 4. Ukibadilisha mbele tu, toa 6. Usiache ulegee kwa kudhani kikono kitauvuta: kwenye shimo la kwanza utaruka na kujibana kati ya krenki na fremu.

Wenye Brompton, ile baiskeli ya kukunja ya gurudumu la inchi 16, wana hesabu yao. Inchi 16 yao ni nyingine kabisa, na hapa kuna mtego unaowapata hata mafundi. Namba ya inchi kwenye tairi haisemi kitu. Soma namba ndogo ya milimita pembeni. 47-406 ni inchi 20 ya kawaida, ileile ya baiskeli za watoto na BMX, na tyubu zake utazipata kwa urahisi. 28-451 nayo inaitwa inchi 20, lakini tairi la kwanza halivai kwenye rimu ya pili. Vivyo hivyo 37-349 ya Brompton na 47-305 ya baiskeli ya mtoto zote ni "namba 16". Mwenye 349 au 451 abebe tairi moja la akiba, tyubu 3, viraka na solusheni ya kutosha, kwa sababu Lushoto hatapata. Mwenye 406 abebe tyubu 2, alale usingizi.

Bawaba ya fremu, pale baiskeli inapokunjwa, ndiyo sehemu ninayoona inapuuzwa kuliko zote. Kila jioni ifungue, ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, uangalie nyuso mbili zinapokutana. Zikiwa na mstari unaong'aa upande mmoja tu, hazilali sawasawa na fremu inachezacheza. Komeo likifungwa kwa kidole kimoja limelegea. Likihitaji mikono miwili limebana mno. Linatakiwa kukubali kwa kiganja kilichosukuma kwa nguvu. Kwenye aina nyingi kuna nati ndogo ya kurekebishia: izungushe robo, funga, jaribu, kisha robo nyingine. Nusu kwa mara moja ni nyingi. Pitisha kidole kwenye weldi pande zote mbili za bawaba, na kwenye mguu wa nguzo ya usukani. Rangi iliyopasuka kama unywele ni onyo, na ukiona chuma kimefunguka safari imeisha hapo.

Nguzo hiyo ya usukani ni ndefu, kwa hiyo inapinda kidogo ukiivuta. Panda umekaa. Anayesimama kwenye pedali na kuvuta usukani huku na huku, kama wanavyofanya wenye baiskeli kubwa, anailegeza bawaba ya chini bila kujua. Na bomba la siti lisipakwe mafuta hata tone. Lipanguse kwa spiriti, uweke alama ya utepe kwenye urefu wako. Likishuka sentimita 2 katikati ya mpando, utalijua kwa goti kabla ya jicho.

Mzigo. Baiskeli hizi nyingi huandikiwa kikomo cha kati ya kilo 100 na 110, mpanda na mzigo wake pamoja. Hema kilo 1.8, begi la kulalia 1, godoro la kupuliza nusu kilo, nguo 1.5, koti la mvua 0.4, spana na spea 1.2, maji lita 3, chakula 1, taa na betri ya simu 0.6, vikorokoro nusu kilo. Jumla kilo 11 na nusu. Mtu wa kilo 75 yuko salama. Mtu wa kilo 100 aiache baiskeli ya kukunja, au aende na mwenzake wa kumbebea hema.

Jiko sikuliweka kwenye orodha, na si kwa kusahau. Mitungi midogo ya gesi ya kambi hutaipata Soni, na kubeba mafuta ya taa kwenye buti la basi ni kuharibu nguo za watu. Njia nzima kuna migahawa ya chai na chapati, wali maharage, ndizi, na Lushoto kuna soko. Beba chupa ya chai ijazwe asubuhi. Begi la kulalia ndilo lisilopunguzwa: usiku wa Juni hadi Agosti unakaribia nyuzi 10, na anayetoka Dar na shuka moja atakesha akisikiliza meno yake.

Mifuko miwili mikubwa ya pembeni nyuma haifai. Visigino vitaigonga, na kwenye gurudumu dogo inakaribia kuburuta. Zaidi ya hapo, mpanda tayari ameegemea gurudumu la nyuma. Ukiongeza mzigo huko, la mbele linapokuwa kwenye mpando linaelea na usukani haushiki. Weka begi moja refu limesimama juu ya keria, limefungwa kwenye bomba la siti. Mbele weka kilo 5 hadi 6, ikiwezekana kwenye kishikio kilichofungwa kwenye fremu yenyewe na si kwenye usukani. Vipande vya fimbo za hema visizidi sentimita 45, la sivyo havitaingia popote.

Toka Mombo saa kumi na mbili asubuhi. Chini kule jua likishapanda ni joto la tambarare, na lita 3 zitakwisha kabla ya Soni. Kuhusu pa kulala, kila shamba katika milima hii ya Usambara lina mwenyewe, hata lile linaloonekana kichaka. Kijijini nenda kwa mwenyekiti kabla giza halijaingia, jitambulishe, omba. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule au ua wa mtu. Msitu wa Magamba ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna kibali na ada, kwa hiyo usijifiche humo na hema. Upande wa Irente, karibu na Lushoto, wapo wenyeji wanaoruhusu kambi kwa malipo, na choo kipo.

Baada ya Magamba, ukielekea Mlalo au Mtae, sehemu kubwa ni udongo mwekundu. Ukiwa mkavu ni vumbi na mawe, unapitika. Ukinyeshewa unakuwa gundi. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na kwenye baiskeli ndogo nafasi hiyo ni ya kidole kimoja. Toa madigadi kabla ya kuondoka Lushoto. Na miezi ya masika, Machi hadi Mei, sioni sababu ya kwenda huko kabisa.

Kushuka ndiko kunakotaka akili. Mtu, baiskeli na mzigo ni kama kilo 100. Kuziteremsha mita 1,000 kunatoa nishati inayoweza kuchemsha lita 3 za maji ya bomba. Ukienda kasi, upepo unachukua sehemu kubwa. Ukishuka polepole huku umeng'ang'ania breki muda wote, karibu joto lote linaingia kwenye rimu, na rimu ya inchi 20 ina chuma pungufu kwa kama theluthi ukilinganisha na ya baiskeli kubwa. Tyubu iko milimita chache kutoka hapo, na ikipasuka kwenye kona yenye korongo upande mmoja na lori la kabichi upande wa pili, huna pa kwenda.

Kwa hiyo breki zibanwe kwa nguvu kabla ya kona, kisha ziachiwe kabisa. Mbele na nyuma zishirikiane, zisishikiliwe. Kila kilomita 3 simama dakika 5, gusa rimu kwa ncha ya kidole na kuitoa haraka: ikikufanya uruke, ongeza dakika 10. Usijaze tairi mpaka mwisho. Psi 50 nyuma na 40 mbele zinatosha kwa tairi la milimita 47. Raba za breki zilizobaki milimita 2 zitolewe kabla ya safari, na ubebe jozi moja ya ziada. Waya wa gia wa akiba upimwe kwanza, kwani baiskeli za kukunja zinataka mrefu kuliko wa kawaida. Huo hukatika nyuzi moja moja pale unapopinda kwenye bawaba.

Na kama mpando umekushinda, au mvua imeanza, kunja. Hiyo ndiyo faida ya baiskeli hii mlimani, wala tusijidanganye kuwa kuna nyingine kubwa. Hiace ya Mombo na Lushoto itaichukua, bodaboda ataifunga nyuma. Ivishe gunia kabla konda hajaiona. Kitu kilicho ndani ya gunia ni mzigo, baiskeli ni majadiliano. Ilaze upande wa mnyororo ukiwa juu, mnyororo ukiwa kwenye meno makubwa kabisa ya nyuma ili kile kikono kijifiche ndani, na usiruhusu viroba vya viazi viwekwe juu yake. Ukishuka, inua nyuma, zungusha pedali kwa mkono, hamisha gia hadi ile nzito kisha irudishe hadi ile nyepesi kabisa ukitazama kwa nyuma. Kikono kilichopinda kidogo tu kwenye buti kitausukuma mnyororo kuvuka meno ya mwisho hadi kwenye spoki, na kitafanya hivyo pale utakapoihitaji gia hiyo, kwenye mpando wa kwanza.