Punda Apokea Simu ya Maskati

Tableti yangu niliinunua Mombasa, mkono wa pili, shilingi 6,000 na chaja yake. Kwa bei hiyo hutarajii maajabu: kioo cha inchi 7, RAM ya GB 1, na hifadhi ya GB 8 ambayo imeshaliwa na mfumo wenyewe kabla hujaweka hata picha ya paspoti. Ukigusa herufi, yaja kwa raha zake. Lakini kwa kusoma, wallahi, sijaona cha kuishinda. Kitabu ni maneno matupu, hakili nafasi, kwa hiyo nimejaza maktaba nzima humo, nikatilia na kaswida, na alasiri zangu zimekamilika. Wenye simu za bei ya ng'ombe hawana starehe hii.

Kasoro yake ni kamera ya mbele. Megapikseli 0.3. Hata bibi harusi aliyepambwa kutwa nzima atatoka kama mtu unayemtazama kupitia chandarua.

Basi siku hiyo nimekaa barazani kwetu Langoni, mtaa wa Lamu, embe dodo mkono huu, riwaya mkono huu, maji ya embe yanachuruzika hadi kwenye kioo. Nikaiegemeza tableti kwenye sinia ya maganda, nikaingia ndani kunawa.

Vichochoro vya Lamu havipitishi gari. Mchanga, simiti, mawe, hata friji ya maharusi, vyote hubebwa na punda. (Na wana hospitali yao pale ufukoni tangu 1987, wanatibiwa bure. Sisi wenye miguu miwili twapanga foleni.) Punda wa mchanga akasimama mlangoni petu, bwana wake akachepuka kunywa kahawa.

Hapo hapo shangazi yangu wa Maskati akapiga simu ya video.

Simu ya WhatsApp yataka uipokee kwa kutelezesha kidole kutoka chini kwenda juu. Mimi huibembeleza tableti hii mpaka anayepiga akate tamaa. Punda alipiga ulimi mmoja tu, kutoka kwenye maganda hadi ukingo wa juu, ikapokea. Kioo cha aina hii hakijali nguvu ya kugusa, hungoja kitu kinachopitisha umeme. Kucha kavu hakiitambui. Ulimi uliojaa mate hakiulizi mara mbili.

Sauti ya shangazi nikaisikia nikiwa birikani: "Masha Allah! Bi mkubwa, ndoo umuone! Huyu ndiye."

Moyo ukanipasuka. Shangazi alikuwa akinitafutia mchumba kwa muda mrefu, na bi mkubwa huyo hakuwa mwengine ila mamake msichana.

"Uso umejaa," bi mkubwa akasema.

"Babake alikuwa vivyo hivyo. Hebu, baba, leta mato tuyaone."

Punda akasogea.

"Lo! Kope zote hizo za mwanamume?"

"Za ukoo."

"Mbona hasemi?"

"Ana haya huyo. Tangu udogoni hana maneno. Ukimpa chakula hula akanyamaza."

Nikatoka mbio, mikono inadondoka maji. Punda alikuwa ameshapanda juu ya kioo kwa midomo yote miwili, anatafuta embe mahali ambapo halipo. Nikamsukuma shingo, hakutikisika. Nikapenyeza kidole kukata simu, na kidole kibichi ndicho hicho: tableti ikapagawa, ikazima maikrofoni, ikaiwasha, ikageuza kamera ituonyeshe sinia, ikairudisha. Mwishowe nikainyakua nikaipangusa kwa pindo la kikoi. Tope la embe na mate likatoka, na tangu niinunue sijaona picha ikitakata vile: jasho, ndevu zisizochanwa, na uzi wa embe unaning'inia kwenye jino la mbele.

"Na huyo ni nani?" bi mkubwa akauliza.

Shangazi kanitambua, nilimuona. Akanitazama, akamtazama mwenzake, akameza mate.

"Huyo ni... mtu wa punda."

Nikafungua mdomo nijitetee, na punda naye akafungua wake, nyuma ya sikio langu. Punda wa Lamu akilia, mtaa mzima husimamisha mazungumzo. Alivuta pumzi, akashusha, akavuta tena, hana haraka.

"Sauti nzito," bi mkubwa akasema kwa heshima. "Ya mwenye nyumba."

Betri ikaonyesha asilimia 31, ikazima papo hapo, kama kawaida yake.

Usiku nilipoichaji nikakuta ujumbe wa sauti kutoka Maskati. Shangazi alikuwa akinong'ona: "Mwanangu, nimemueleza kuwa yule wa mwisho ndiye wewe, kasoro ilikuwa ya mtandao tu. Alhamdulillahi, amekubali, ila kwa shingo upande. Ana binti mwengine mdogo, na tangu alasiri hanipi nafasi: yule wa kwanza, mpole, mwenye kope, ameshaoa?"