Hesabu ya Framingham haifai kila moyo

Mwaka 1948 watafiti wa Marekani walianza kuwafuatilia watu wazima 5,209 katika mji wa Framingham, Massachusetts. Kila miaka miwili waliwapima presha, lehemu (kolesteroli, mafuta ya damu) na uzito, kisha wakaandika nani amepata mshtuko wa moyo au kiharusi. Watoto wao waliingia mwaka 1971, wajukuu 2002.

Faida kubwa ya utafiti wa namna hii ni kujua kipi kilitangulia. Ukimpima mtu aliyekwisha pigwa na kiharusi, huwezi kujua kama presha ilimletea au ilipanda baada yake. Framingham presha iliandikwa kwanza, ugonjwa ukafuata. Hapo ndipo ilipoyumba imani ya madaktari wa zamani kwamba mzee kupanda namba ya juu ya presha ni uzee tu, eti mishipa iliyokakamaa inahitaji msukumo. Kukakamaa ni kweli, ila namba hiyohiyo ndiyo iliyobashiri maradhi.

Wanaoupinga utafiti huo nao wana hoja. Waliochaguliwa kwa sampuli walikuwa 6,507, wakakubali 4,469. 740 wengine walijitolea wenyewe, na anayejipeleka kupimwa kwa kawaida ana afya kuliko anayekataa. Karibu wote walikuwa Wazungu. Tena kipimo kimoja hudanganya: anayesoma 160 leo mara nyingi hushuka kidogo akirudi, na kitambaa cha kipimo kikiwa kifupi kwenye mkono mnene hupandisha namba. Makosa ya namna hiyo huufanya uhusiano wa presha na ugonjwa uonekane hafifu kuliko ulivyo.

Kutokana na takwimu hizo ilitungwa hesabu ya kubashiri nani atapata ugonjwa wa moyo. Ilipopelekwa kwa wanaume wa Uingereza, ilitabiri maradhi mengi kuliko yaliyotokea. Mimi nisingeitupa. Uzito wa kila kihatarishi, yaani jambo linaloongeza hatari kama presha au lehemu, hubaki. Hubadilishwa wastani wa vihatarishi vya wenyeji na kasi ya ugonjwa kwa kila umri na jinsia. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyofanya kwa chati zake za kukadiria hatari hiyo za mwaka 2019, kwa kanda 21, Afrika Mashariki ikiwemo. Tatizo ni kwamba kwetu vifo vingi havisajiliwi na chanzo chake, hivyo kasi hiyo yenyewe ni makadirio.

Kati ya chati hizo, zahanati isiyo na maabara hutumia ile inayoweka uwiano wa uzito na urefu badala ya lehemu. Chati hiyo haiulizi kisukari, kwa hiyo mwenye sukari huonekana salama kuliko alivyo. Mpimeni sukari kwanza.