Mjerumani Wangu na Kamati ya Harusi

Jumamosi saa mbili asubuhi nimesimama gereji Ilala, mkononi kikombe cha chai ya tangawizi, na wanaume wanne wameinamia boneti ya gari langu kama mbuzi kwenye ndoo ya pumba. Wanatafuta stiki ya kupimia oili. Fundi mkuu, mtu aliyeanza kufungua injini za Toyota mimi nikiwa bado navaa kaptula ya shule, anapapasa huku, anapapasa kule, mwisho ananigeukia kwa sauti ya daktari wa zamu.

"Bosi, pole. Stiki wameiba."

Hawakuiba. Gari halina stiki. Wajerumani walikaa wakaona mtu wa hadhi ya kuendesha gari lile hawezi kushika kijiti chenye oili, wakaweka kipimo cha umeme kinachoonyesha kwenye skrini. Sawa. Sasa gari hilo lilikaa Japani miaka kibao kabla ya kushuka bandarini kwetu, na skrini inasema Kijapani. Oili ikipungua, Kijapani. Mlango haujafungwa vizuri, Kijapani. Redio nayo inaishia 90, stesheni zote ninazozipenda ziko juu ya hapo, kwa hiyo nasafiri kimya nikisikiliza milio ya bushi.

Siku moja yalitokea maandishi marefu yenye alama ya hatari mbele. Nikapaki pembeni Kimara Stopover, moyo unadunda, nikayapiga picha, simu ikanitafsiria: maji ya kusafishia kioo yanakaribia kuisha. Nikacheka peke yangu kama chizi. Wiki iliyofuata yakatokea maandishi mafupi tu. Nikajisemea haya yatakuwa maji ya waipa tena, nikakanyaga mafuta.

Hayakuwa maji ya waipa. Injini ilikuwa inachemka.

Gari lenyewe nilinunua mkononi kwa jamaa wa ofisini, milioni 12. Bei ya Toyota IST! Nilipaswa kujiuliza kwa nini mtu anaachia gari lenye viti vya ngozi kwa bei ya IST, lakini ngozi ile ilikuwa inanukia vizuri mno. Serikali ilishanionya kwa lugha ya hesabu: ukiagiza gari lililozidi miaka 10, unaongezewa ushuru wa bidhaa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wake. Mimi nikaona kwa kununua mkononi nimeikwepa kodi ya uzee. Uzee wenyewe nikaubeba. Yule jamaa siku ya kunikabidhi funguo alinikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata nilipofiwa. Mwezi uliofuata akanunua IST. Sasa hivi amenenepa.

Turudi kwenye kuchemsha. Iliyokufa ni pampu ya maji ya kupozea injini. Toyota ya kawaida pampu hiyo inazungushwa na mkanda. Ikitaka kufa inalia wiki nzima, inavuja, inakupa muda wa kukopa. Ya kwangu ina mota yake ya umeme na kikompyuta chake ndani. Haiugui. Inazimika ghafla kama balbu, na wewe uko katikati ya foleni ya Ubungo umefunga vioo unakula kiyoyozi.

Basi nikaenda Gerezani. Kuna ishara moja ya maduka ya spea nimeijua kwa gharama kubwa: ukitaja gari lako, muuzaji akaagiza uletewe kiti, ujue umekwisha. Mbele yangu kulikuwa na kijana wa Vitz. Alihudumiwa amesimama, pampu elfu 70, akatoa laki, akarudishiwa chenji, akatoka anapiga mluzi. Zamu yangu ikafika, nikainama nikataja gari kwa sauti ya chini, kama mtu anayenunua dawa ya aibu. Muuzaji akavua miwani.

"Dogo, mletee mzee kiti."

Orijino laki nane na nusu. Ya China laki tatu na nusu. Iko na moja iliyotolewa kwenye gari la ajali, laki mbili na nusu, lakini hiyo, mzee wangu, tunakupa pamoja na dua. Na thermostati inakwenda pamoja nayo. Hilo neno "inakwenda pamoja" nalichukia kuliko matusi. Kwa Mjerumani hakuna kitu kinachosafiri peke yake. Pampu inakwenda na thermostati, thermostati inakwenda na mpira wa juu, mpira wa juu ukiuvuta kidogo tu shingo yake inavunjika kwa sababu ni plastiki ya zamani iliyochoka na joto, na boliti zinazoshika pampu ni za aluminiamu, ukishazifungua hazirudishwi, unanunua mpya. Fundi hilo la boliti alikataa katakata. "Bosi, boliti nzima kabisa hii, tusitupe hela." Akaikaza. Ikakatikia ndani. Kuitoa, siku mbili na elfu 80, na mwenye kosa nikawa mimi kwa sababu "magari haya yanataka uvumilivu".

Kubadilisha oili nisiseme sana: IST inakunywa lita tatu na robo tatu imeshiba, mimi namwaga sita na nusu.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni betri. Nilinunua betri mpya, nikailipia, ikafungwa. Fundi akasema bado. Atafutwe kijana mwenye laptopu aje aliambie gari kwamba betri imebadilishwa, la sivyo litaendelea kuichaji kama ile kuukuu mpaka iharibike. Kijana akaja na bodaboda, akachomeka waya chini ya usukani, akabonyeza mara tatu, elfu 50. Kuitambulisha betri! Mimi mwenyewe kutambulishwa ukweni ilikuwa kreti mbili za soda na maneno machache ya mshenga.

Tairi ya akiba nayo haimo. Lilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea kilomita kadhaa hata yakiishiwa upepo, kwa hiyo wakaona tairi ya akiba ya nini. Niliposikia bei ya tairi moja ya aina hiyo nikafunga matairi ya kawaida, ya mtumba. Ndiyo nikawa mtu nisiye na tairi inayotembea bila upepo wala tairi ya akiba. Pancha ilinikuta kati ya Mlandizi na Chalinze usiku. Aliyeniokoa ni dereva wa fuso la nyanya, na njia nzima alikuwa ananiita mheshimiwa.

Na hapo ndipo kwenye kiini cha mateso yangu. Spea ningezivumilia. Ninachoshindwa ni kwamba gari linanifilisi huku likinitangazia utajiri. Vijana wa kuosha magari, IST elfu tano, mimi elfu 10, eti "bosi, lako lina heshima yake". Mwenye nyumba alipandisha kodi akiwa anaangalia dirishani lilipopaki. Jumatatu hadi Ijumaa napanda daladala, nimebanwa mlangoni kwapa la mtu likiwa usoni, lakini hakuna anayeniona. Jumapili nikilitoa kwenda kanisani, mtaa mzima unaona.

Mwaka huu binamu wa mke wangu anaoa. Kwenye kikao cha kamati yule jamaa wa IST (ndiyo, yumo, alisoma na bwana harusi) aliandikiwa ahadi ya laki moja. Ilipofika kwangu mwenyekiti hata hakuuliza, alitabasamu tu: "Shemeji yetu wa Mjerumani, tukuandikie laki tano?" Ukumbi ukapiga makofi. Nikatazama mke wangu anikatalie, naye anapiga makofi.

Basi leo hii, Jumamosi ya stiki, baada ya fundi kukubali kwamba gari hili limemshinda, nikakodi brekidauni, lile la kubeba gari mgongoni, laki na nusu, lilipeleke kwa fundi mwingine Tegeta anayesifika kwa Wajerumani. Vijana wa gereji kwa kunipoza roho wakaliosha, wakalifuta, likang'aa. Likapandishwa juu, likafungwa minyororo, mimi nikakaa mbele na dereva. Pale Mwenge tukapishana na Noah ya mwenyekiti wa kamati. Akapiga honi, akapunga mkono dirishani, akaangalia juu, akashika mdomo.

Nimefika Tegeta, simu ikalia ujumbe kwenye kundi la harusi, watu 86.

"Ndugu wanakamati, nimekutana na shemeji yetu sasa hivi anatoka bandarini kuchukua gari lingine. Mungu azidi kumfungulia. Mama mweka hazina, zile laki tano naomba zisomeke milioni."

Mke wangu ameshaweka alama ya makofi.